Neno "yagi" katika daftari lililotekwa Singapore

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1942 Wajapani waliteka daftari la rada Singapore, wakashindwa kuelewa neno "yagi". Wangeshindwaje na neno la kwao? Na antena yenyewe ina vipimo gani?

JIBU: Daftari lilikuwa la Mwingereza, fundi wa rada aitwaye Newmann, tena la Kiingereza. Lilieleza SLC, rada ya kuelekeza taa kubwa za kumulika ndege usiku. "Yagi" lilijirudia humo, na waliolisoma hawakujua hata linatamkwaje. Mfungwa ndiye aliyewaambia kuwa ni jina la profesa Mjapani aliyebuni antena hiyo. Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda walikuwa wameitangaza tangu 1926 kutoka mji wa Sendai, Japani, lakini jeshi lao halikuitilia maanani. Majaribio mengi yalikuwa ya Uda, na si haki jina lake kudondoshwa. Makala ya Kiingereza ya 1928 ndiyo iliyoieneza nje, nayo ilitoka kwa jina la Yagi.

Sasa vipimo. SLC ilifanya kazi karibu na megahezi 200, yaani wimbi la mita 1.5. Kwa antena ya vijiti vitatu, tumia mirija yenye kipenyo cha sm 1.3 juu ya mhimili wa mbao: kiakisi nyuma sm 72, dipoli (kijiti kinachounganishwa na rada au TV) katikati kama sm 70, kielekezi mbele sm 66, na sm 30 kati ya kimoja na kingine. Waya unaungwa kwenye dipoli tu. Mhimili ukiwa wa chuma na vijiti vikaugusa, virefushe kidogo, maana chuma hicho huvifanya vifanye kazi kama vifupi.

Kosa linaloharibu zaidi ni kielekezi kirefu. Kikizidi urefu wa dipoli, yaani kama sm 70, huanza kugeuka kiakisi na kurudisha mawimbi nyuma. Kosa jingine ni kuunga waya wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) moja kwa moja kwenye dipoli ya kawaida: vijiti vya jirani huishusha hadi omu ishirini na kitu, na sehemu ya nguvu hurudi. Ndiyo sababu antena nyingi za TV zina dipoli iliyokunjwa kama kitanzi chembamba, inayopandisha omu hizo mara nne.

Mwale wa antena moja ni mpana mno kulenga ndege. SLC ililinganisha mwangwi wa kushoto na wa kulia, wa juu na wa chini. Taa ilizungushwa mpaka miangwi hiyo ilingane, ndipo ikawashwa.