"Tact" na "tactics" havihusiani: jibu kwa mwenye tathmini ya kazi

Mkuu, umeuliza bosi wako Mwingereza alimaanisha nini alipoandika kwenye tathmini yako "needs to show more tact", na wachangiaji wengine wameshakuambia kwamba anataka uwe na mbinu zaidi. Ushauri huo utakuumiza. Walioutoa wamechanganya "tact" na "tactics". "Tactics" ni neno lenye asili ya Kigiriki, la kupanga majeshi vitani. "Tact" limetokana na "tactus" la Kilatini, yaani mguso, na ndugu zake ni "contact" na "intact". Mwenye "tact" anajua amguse mtu wapi na kwa uzito gani. Anamwambia ukweli wote huku akimstahi.

Nimekaa mapokezi ya hoteli Arusha kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kupitia barua za vijana kabla hazijatumwa kwa wageni. Wengi ni watoto wenye adabu kabisa. Kinachowaponza ni kwamba adabu ya Kiswahili imekaa ndani ya kitenzi chenyewe, na Kiingereza hakina mahali pa kuipokea. Ukisema "naomba unitumie nakala ya pasipoti", heshima imo kwenye "naomba" na imo tena kwenye "unitumie". Kijana akiandika "Send me the passport copy" anadhani amesema yaleyale, kumbe mgeni amesoma amri. Kiingereza huupata upole huo kwa kuuliza: "Could you send me...?" Vivyo hivyo kwa lawama. "You did not sign the form" ni kidole usoni, lakini "the form has not been signed" inataja kasoro bila kumtaja mtu. Hili la pili tunalo tangu utotoni: kikombe kimevunjika, hatusemi nani kakivunja.

Kuna na mambo ya kutosemwa kabisa. "Umenenepa!" huku kwetu bado watu wengi wanaipokea kama sifa. Mwambie hivyo Mwingereza aliyerudi likizo na utaitwa "tactless", hata kama umesema kwa furaha ya kumwona.

Kuhusu matumizi: "tact" haina wingi wala haitanguliwi na "a". Sema "with tact", "a lack of tact". Kivumishi ni "tactful", kielezi ni "tactfully".

Umeuliza pia kama "diplomatic" na "discreet" ni kitu kilekile. Yamekaribiana tu. "Diplomatic" hutumika zaidi pale pande mbili zinapovutana na wewe hutaki kumuudhi yeyote. Lakini angalia: mtu akisema umetoa "a diplomatic answer", wakati mwingine anakusema kwamba umelikwepa swali. "Discreet" ni la kusitiri. Mhudumu aliyeona jambo chumbani kwa mgeni na asilipeleke jikoni ni "discreet", hata kama ulimi wake ni mkali. Usiliandike "discrete", ambalo hutamkwa vilevile lakini maana yake ni kilichotenganika. Kumbuka kwamba humo "t" imezitenga "e" mbili.

Mimi binafsi nalipenda neno hili alilokuandikia bosi wako, na sioni kama amekutukana. Hajasema unadanganya wala huijui kazi. Analalamikia jinsi maneno yako yanavyomfikia mtu, na hilo hurekebishika haraka. Mwendee, mwombe akuonyeshe barua pepe mbili tatu zilizomfanya aandike hivyo. Kisha tafuta ndani yake sentensi zinazoanza na kitenzi cha kuamuru na zile zenye "you did not". Anza na hizo.