Studio wakikwambia "tutakusafisha ngozi bure", kimbia

Hebu rudisha hiyo hela mfukoni kwanza. Umesema unataka kupigwa picha ili uuzoee mwili wako wa baada ya kujifungua, ukauliza simu gani inafaa, uende studio au ubaki nyumbani, na kama picha uzitupie mtandaoni. Halafu katikati, kama kitu kidogo tu, ukagusia kwamba studio watakusafisha ngozi bure, yaani kukulainisha pichani kwa kompyuta. Mdogo wangu, hapo ndipo nilipozikwa mimi.

Mwaka 2021, mtoto wa pili ana miezi saba, kovu la upasuaji bado linawasha, nikalipa 350,000 studio moja hapa Dar. Nilimwambia mpiga picha kwa mdomo wangu: tumbo lionekane, michirizi ionekane, ndicho kilichonileta. "Usijali dada, nimekuelewa." Alinielewa kweli! Wiki mbili baadaye nakabidhiwa fremu kubwa kama mlango wa kabati, ndani kuna binti mweupe pee, kiuno cha nyigu. Mwanangu wa kwanza akaikodolea macho: "Huyu mama mdogo?" Nikamtumia mama yangu Tanga kwa WhatsApp. Hakusifia. Aliandika tu, "Ile alama yako ya shingoni wameipeleka wapi?" Alama niliyozaliwa nayo, kaifuta kama tone la chai mezani!

Nikarudi kudai picha mbichi, zile ambazo hazijaguswa. Kashazifuta, eti zinajaza memori. Laki tatu na nusu, na hakuna hata picha moja ambayo mimi nimo. Kibaya zaidi, miezi mizima nilikuwa naitazama ile fremu, nikihamia kwenye kioo naona mwili wangu ndio uliokosewa. Nilifika hadi dukani kuulizia mkorogo, Mungu anisamehe. (Fremu sasa imeziba dirisha la banda la kuku. Kuku hawajalalamika.)

Na yule kungwi wa mtandaoni aliyetuimbia kwamba ukipata taa nzuri utajipenda, LUKU yake iishe usiku wa manane.

Kwa hiyo: picha mbichi zote ziwe kwenye flashi yako, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, kabla hujamalizia malipo, kabla mtu hajafungua programu yoyote ya kuzirekebisha. Lipa nusu, zihesabu, ndipo utoe nusu nyingine. Akigoma, ondoka na nauli yako.

Mimi siku hizi najipiga mwenyewe, simu juu ya kreti la soda, kamera ya nyuma, taima sekunde 10, nimesimama mbali kidogo. Selfi ya mkono achana nayo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba picha ya sentimita 30 kutoka usoni inaipanua pua kwa karibu asilimia 30 kuliko ya mita 1.5. Na mimi miaka yote nilikuwa namlaumu babu!

Simu gani? Yoyote yenye nafasi ya kutunza zile mbichi. Mengine watakujibu wenzangu. Flashi unayo?