Saa 7:30 si saa saba na nusu

Juzi kijana wa zamu ya asubuhi hapa redioni kaniletea skripti ya tangazo la boti: "saa 8 asubuhi". Nikamtazama, naye akanitazama. "Mashine ndiyo iliyotafsiri, mwalimu." Haya, leo nawaandikia, vijana wa redio, juu ya kazi za kuipa mashine na za kufanya wenyewe, maana kidonda changu mnakitonesha kila wiki.

1. Saa. Mwezi wa Ramadhani mmoja, wakala wa boti alituletea tangazo kwa Kiingereza: boti ya kesho inaondoka Mkoani, Pemba, 7:30 am. Futari inaningoja, nikalitia kwenye programu ya akili mnemba. Ikatoa "saa 7:30 asubuhi". Nikajiona hodari: asubuhi tangu lini ikawa na saa saba? Nikafuta "asubuhi", nikaandika "mchana". Yaani mashine ilikosea nusu, nusu iliyobaki nikaitia mimi, mtoto wa Kiunguja, niliyefundishwa kusoma saa na bibi yangu kabla sijaijua alifu. Likasomwa hewani mara tatu usiku ule, na Facebook likapambwa na picha ya boti.

Asubuhi yake saa 5 simu ya studio ikaanza kulia. Watu wamefika bandarini na mikoba yao, boti imeondoka tangu saa 1:30. Mama mmoja mtu mzima alikuwa na miadi hospitali ya Mnazi Mmoja kesho yake. Nilingojea matusi. Akasema tu, "Mwanangu, mie nimesikia redioni." Akarudia tena, pole pole, kama anayenielewesha. Angelisoma kwenye kundi la WhatsApp angemuuliza jirani. Kwa kuwa ni redio, hakuuliza mtu.

Nami nikafanya la pili, baya zaidi: nikafuta chapisho kimyakimya. Picha zake za skrini zilizunguka siku tatu, na pa kuwaelekeza watu hapapo tena. Msifute, wanangu. Sahihisha palepale, andika umesahihisha nini, kisha lisomwe hewani katika saa zilezile kosa liliposomwa.

2. Matangazo ya vifo: wapigieni wafiwa. Kirekebisha tahajia kiliwahi kumgeuza marehemu Makame kuwa Makamu, na siku hiyo ofisi nzima iliulizana, makamu wa nani?

3. Kuandikisha sauti kwa mashine: hotuba ya mkutano, sawa. Mzee wa Makunduchi au Tumbatu, vaa hedifoni usikilize mwenyewe. Kiswahili sanifu kimetokana na Kiunguja, lakini cha mjini. Mashine ikikutana na lahaja nyengine hubuni, tena kwa maandishi mazuri kabisa yasiyotia shaka.

4. Kila faili nakala mbili. Ndiyo, hata wewe.

5. Na msituite wazee waoga wa mitambo. TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilirusha picha za rangi 1973, wakati Bara walikaa bila ya televisheni hadi miaka ya 1990. Mimi nimekata utepe wa rili kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Siku mashine iliponitafutia sauti ya taarab ndani ya mafaili yasiyo majina, kazi ambayo ingenila wiki, nilikaribia kuibusu.

Yule kijana wa juzi? Akasahihisha "saa 2 asubuhi", akataka kukimbilia studio. Nikamwambia mpigie wakala kwanza. Akaenda amenuna, akarudi anacheka: safari yenyewe imeahirishwa, kusi limechafuka.