Usipande mti kabla ya kunoa panga

Miche yangu ya kwanza 200 nilipewa bure. Mradi fulani uliileta kwa lori mwishoni mwa Mei, tukaimba, tukapigwa picha, tukaipanda siku hiyohiyo. Mtu yeyote wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anajua mwisho wa Mei maana yake nini: mvua inafunga, na hadi Septemba ni vumbi tu. Agosti nilikwea hadi shambani kwetu kule Kabare kuihesabu. Iliyobaki hai ilikuwa 11, na miwili kati yake mbuzi wa jirani alikuwa ameshaianza.

Basi, ukitaka miti ikushikie udongo wa shamba, ushauri wa kwanza ni huo: mche hauulizi kama ulikuja bure, unauliza mvua. Otesha kitalu chako mwenyewe karibu na maji wakati wa kiangazi, kisha hamishia shambani Septemba au Oktoba, mvua ikishashika kweli. Siyo ile mvua moja ya kudanganya.

Shamba letu liko kwenye mteremko ambao ukiangusha ndoo utaifuata hadi mtoni. Udongo ni ule mwekundu wa mfinyanzi. Mama amelima hapo maharage, mihogo na migomba tangu sijazaliwa, na kila mwaka anasema udongo unakuwa mwembamba. Mvua nazo zimekuwa na tabia mbaya: zinakaa wiki tatu bila kuonekana katikati ya msimu, halafu zinashuka zote mchana mmoja. Tarehe 4 Mei 2023 tuliona huko Kalehe, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe yalivyoshuka na kuondoka na watu zaidi ya 400. Nisikudanganye: mistari ya miti shambani kwangu isingezuia kitu kama kile. Anayekuuzia miche kwa kutaja Kalehe, muulize vizuri. Ninachozungumzia ni wizi mdogo, ule wa kila mvua, unaochukua udongo wa juu wenye mbolea kidogokidogo mpaka siku moja jembe linagonga mawe.

Wizi huo nimeuzuia kwa kaliandra, mti mdogo uliotoka Amerika ya Kati. Unapandwa kwa mistari inayokata mteremko, mche na mche wakiachana kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mstari lazima uwe sawasawa kimo, la sivyo maji yatakusanyika sehemu moja na kutoboa. Huhitaji mashine. Funga fito tatu zifanye umbo la A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, halafu tembea nalo shambani: kamba ikipita katikati ya fito ya kukingama, miguu yote miwili imesimama kimo kimoja. Weka kigingi, songa mbele. Mteremko ukiwa mkali, leta mistari karibu karibu.

Mzee mmoja jirani alinitazama siku nzima nikitembea na hilo A langu. Yeye anakumbuka mitaro waliyolazimishwa kuchimba wakati wa Wabelgiji, ambayo wengi waliifukia kwa furaha uhuru ulipokuja. "Mistari hiyo tunaijua," akasema. "Wewe mwanangu unapanda kivuli."

Na mwaka wa pili maneno yake yalitimia. Nilikuwa nimechanganya na grevilea, mti mrefu wa mbao, nikaiacha ikue kwa raha zake, maana nilidhani mti ukishapandwa kazi imekwisha. Maharage yaliyokuwa chini yake yakarefuka, yakawa membamba, majani mengi na maganda ya kuhesabika. Mama hakugombana. Alileta yale maganda kwenye sahani, akayaweka mbele yangu, akarudi jikoni.

Kuanzia hapo nilielewa kwamba kazi ni panga. Kaliandra naikata ikifika mwaka mmoja, kimo cha chini kidogo ya kiuno, na msimu wa mvua narudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, kabla haijaanza kunyima mimea jua. Kata kwa mshazari, panga liwe kali. Panga butu linapasua gome. Grevilea napandisha shoka juu: matawi ya chini yote yanatoka, inabaki shingo ndefu na kichwa kidogo. Majani ya kaliandra nayatandaza chini ya maharage. Mti huo ni wa jamii ya mikunde, mizizi yake inasaidiana na bakteria kuvuta naitrojeni ya hewani, kwa hiyo majani yake yanaoza yakiwa mbolea. Mengine wanakula mbuzi. Ya grevilea hayana bahati hiyo, yanaoza polepole, ila kwa kufunika udongo yanafaa.

Msimu mmoja mvua ya Oktoba ilikatika, maharage yakiwa na majani manne. Saa sita mchana niliingiza vidole chini ya yale matandazo: udongo ulikuwa baridi, unashikana mkononi. Hatua kumi kando, pasipofunikwa, ulikuwa moto na umepasuka, na maharage ya hapo yalikuwa yameinamisha masikio. Machi iliyofuata ikaja ile mvua ya mchana mmoja. Asubuhi yake nilikuta nyuma ya mstari wa pili udongo umerundikana kufika magotini, na ndani yake viazi vitamu ambavyo sisi hatukupanda. Vilikuwa vya yule mzee. Nilimrudishia viazi. Udongo ulibaki.

Sasa jambo ambalo miradi haisemi. Kama shamba umelikodi kwa bwasa, yaani kwa muda mfupi tu, usipande mti kabla hujakaa na mwenye ardhi. Kwetu mti ni kama saini. Ukiupanda anaona unataka kumnyang'anya, na mara nyingi atakutoa msimu ujao. Nimeona mama mmoja akipoteza shamba namna hiyo. Omba ruhusa mbele ya shahidi, au panda majani ya mifugo kwenye mistari badala ya miti. Nayo yanashika udongo na hayamtishi mtu.

Kalitusi, yaani mkaratusi, usiilete katikati ya mazao. Najua bei ya mbao na makaa mjini, siwalaumu wanaoipanda, lakini ina kiu na haina adabu kwa majirani zake. Itafutie pembe yake mbali na chemchemi.

Faida iliyonishangaza ni fito. Maharage yetu ya kupanda juu yanataka fito nyingi, na kuzinunua kunamaliza faida yote. Matawi ninayokata yananitosha. Msimu huu mjukuu wa yule mzee alikuja na kamba: "Dada, babu anaomba fito." Nikamfungia mzigo mmoja, nikaongeza mbegu za kaliandra kwenye kikopo cha nyanya. Nilimwambia amweleze babu aziloweke kwenye maji baridi siku mbili kabla ya kusia, na kwamba lile A liko ukutani, akija atalikuta.