Nasikia, Lakini Sisikiki: Majibu kwa Wenye Redio za Mkononi

Barua nyingi za safari hii zinahusu Baofeng UV-5R, redio ya bei nafuu ambayo wengi huanza nayo. Namba za menyu zilizotajwa hapa ni za redio hiyo. Mwenye Yaesu au Kenwood aangalie kijitabu chake. Utaratibu ni uleule.

SWALI: Repita ya kwetu (kituo kinachopokea sauti zetu na kuzirusha upya) naisikia wazi kabisa. Nikibonyeza PTT (kitufe cha kutuma) na kutaja alama yangu ya wito, haifunguki. Fundi anasema redio haitumi na nibadilishe ubao. Nifanyeje? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usibadilishe chochote kwanza. Repita hutuma kwenye masafa mamoja na kupokea kwenye mengine. Tuseme ya kwenu hutuma 145.700 MHz. Katika Kanda ya 1 ya IARU (muungano wa kimataifa wa waredio wa ridhaa), ambamo Afrika nzima imo, kwa kawaida itapokea kilohezi 600 chini yake, yaani 145.100. Isitoshe, repita nyingi hudai toni, kwa mfano 88.5 Hz, inayotumwa pamoja na sauti yako. Toni isipokuwepo, repita haifunguki hata kama mawimbi yako yana nguvu.

Azima redio ya pili, iweke hatua kumi kutoka ulipo, na uiache kwenye 145.100. Menyu yake ya 11 (toni ya kupokea) weka 88.5. Redio yako ipunguze nguvu (menyu 2, LOW), hakikisha repita haitumiki, taja alama yako ya wito na ubonyeze PTT sekunde chache. Ile ya pili ikitoa sauti yako, masafa na toni ni sahihi. Kilichobaki ni nguvu ya mawimbi. Ikinyamaza, zima menyu yake ya 11 ujaribu tena. Ikisikika sasa, toni ndiyo inayokosekana: weka 88.5 kwenye menyu 13 (toni ya kutuma) ya redio yako. Bado kimya? Basi unatuma kwenye masafa yasiyo yake, na kosa huwa kwenye namna ulivyohifadhi chaneli.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Menyu 25 na 26 (mwelekeo na ukubwa wa tofauti kati ya masafa ya kupokea na ya kutuma) hufanya kazi ukiwa umeandika masafa moja kwa moja kwenye kioo. Chaneli ya kumbukumbu huhifadhiwa mara mbili. Zima menyu 7 ya kusikiliza masafa mawili na utumie mstari wa juu. Futa chaneli kwa menyu 28. Andika 145.700, weka toni kwenye menyu 13, kisha hifadhi kwa menyu 27. Halafu andika 145.100 na uhifadhi tena kwenye chaneli ileile. Ya pili ndiyo ya kutuma. Menyu 11 kwenye redio yako iache OFF. Ukiiwasha wakati repita haitumi toni, hutasikia mtu.

Ikiwa mipangilio iko sawa na shida ni nguvu, tatizo ni antena. Repita iko mlimani ikiwa na wati nyingi. Wewe una wati 4 au 5 na antena fupi ya mpira. Chukua waya laini wa sentimita 49, ubane kichwa cha pete, na uuweke kati ya redio na antena ili uning'inie chini. Pete iguse chuma cha nje cha skrubu ya antena tu, isiguse pini ya katikati. Hakiki kwa mita ya umeme kabla ya kutuma. Waya huo ni nusu ya pili ya antena ambayo redio ya mkononi inaikosa, na kwenye masafa ya mita 2 (haya ya 145 MHz) tofauti husikika mara moja.

SWALI: Nimefunga antena kubwa juu ya paa. Ajabu, sasa nasikia watu wachache kuliko nilipotumia antena ya mpira. *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Antena yako ni nzima, mpokezi ndiye aliyezidiwa. Vichujio vya mbele vya redio hizi ni hafifu. Antena nzuri inamwaga ndani mawimbi ya stesheni zote za FM za mjini, na zile dhaifu unazozitaka zinazama. Kama ukichomoa kebo na kurudisha antena ya mpira stesheni dhaifu inarudi, umethibitisha. Dawa ni kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz kati ya kebo na redio. Kabla ya kukipitishia wati zako, soma kimeandikwa kinahimili wati ngapi; vingi ni vya kupokea tu. Kushusha skwelchi (kinachonyamazisha mvumo) hakusaidii hapa.

SWALI: Betri inaonyesha imejaa, lakini nikituma redio inazima. Huwa naiacha garini. *Msomaji, Maskati*

JIBU: Shikilia kitufe cha 0 uone volti. Betri ya seli mbili za lithiamu iliyojaa huonyesha takriban 8.4. Kupokea hakuhitaji umeme mwingi, lakini kutuma kwa nguvu kubwa huvuta zaidi ya ampea 1, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Sugua vibati vya betri na vya redio kwa kifutio cha penseli, kisha pamba yenye spiriti, ukiwa umezima redio. Kama sasa inatuma vizuri kwa LOW na kuzima kwa HIGH, seli zimechoka. Nunua betri nyingine. Joto la gari lililofungwa juani ndilo linaloziua, na kuchaji betri ikiwa bado moto huharakisha zaidi. Iache ipoe kwanza, maana seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45. Ikivimba, usiitoboe wala kuichaji; ipeleke kwenye ukusanyaji wa taka za elektroniki.

SWALI: Vitufe vyote vimekufa isipokuwa PTT. *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Shikilia # sekunde mbili. Umefunga vitufe.

SWALI: Kituo cha Kimataifa cha Anga nakisikia kwenye 437.800 katikati ya pito lake tu. Mwanzo na mwisho ni mvumo. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hivyo masafa unayoyapokea yanasogea. Kikija, yako juu kwa hadi kilohezi 10. Kikiondoka, chini kwa kiasi hichohicho. Hifadhi chaneli tano: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790, kila moja ikiwa na 145.990 ya kutuma na toni ya 67 Hz. Shuka chaneli moja moja kadiri sauti inavyokwaruza. Masafa ya kutuma yanasogea kama kilohezi 3.5 tu, kwa hiyo hayahitaji chaneli zake. Skwelchi weka 0, na antena usiielekeze ncha kwenye kituo. Iweke kimshazari na kuizungusha polepole mpaka sauti iwe nene. Ukikosa kabisa, huenda repita iliyomo kituoni imezimwa: hufanyika wanaanga wanapotoka nje au chombo kinapotia nanga.