Ukifika Seoul, anzia kwenye kasri

Wiki hii msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia kuwa anakwenda Korea Kusini kikazi, na atapata siku mbili za kutembea Seoul. Orodha yake ina ghorofa refu, maduka makubwa na mitaa ya vipodozi. Kasri hakutaja hata moja.

Mdogo wangu, anza na Gyeongbokgung. Lilijengwa 1395, mwanzoni mwa utawala wa ukoo wa Joseon, likateketea kwenye vita vya 1592 Wajapani walipovamia, likabaki gofu zaidi ya miaka 250 hadi lilipojengwa upya 1867. Kiingilio ni won 3,000, lakini ukivaa hanbok, vazi lao la asili, unaingia bure. Maduka ya kukodisha yako hapo hapo jirani. Mimi nilikodi la rangi ya samawati, na pale langoni Gwanghwamun, magari yakipita mbele ya majengo ya vioo, bibi mmoja wa Kikorea alinisimamisha, akalifungua fundo la kifuani, akalifunga upya vizuri, akanipigapiga bega akaenda zake. Sikuwahi kujiona nimependeza kama siku ile. Jumanne usiende, wanafunga. Kasri jingine, Changdeokgung, la 1405, hufungwa Jumatatu.

Niliporudi nyumbani, jamaa zangu walizitazama picha wakauliza kwa nini nimetumia nauli yote ile kwenda kuangalia mapaa ya zamani. Maneno yale bado yananiuma, tena yametoka kwa watu wa Unguja, wenye Mji Mkongwe wao!

Nawasisitizia pia adabu mkifika Bukchon, mtaa wa nyumba za asili zenye mapaa ya vigae. Wamo watu humo, wanapika, wanalaza watoto. Mimi nimekulia nyumba ya uchochoroni. Najua inavyokera mgeni kuingiza kamera mlangoni wakati mama yuko uani na kanga moja. Wenyeji wa Bukchon walilalamika mpaka ukawekwa utaratibu: sehemu inayojaa zaidi wageni wanaruhusiwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na anayekiuka anaweza kupigwa faini. Safi kabisa. Sauti chini, milango ya watu iacheni.

Kutoka hapo teremka kwenye kijito cha Cheonggyecheon. Zamani kilifunikwa zege, juu yake ikapita barabara ya magari. Jiji likaibomoa, na mwaka 2005 maji yakafunguliwa kwa watu. Kifuate kuelekea mashariki hadi soko la Gwangjang, ule bindaetteok, chapati nene za choroko zilizosagwa. Uliza kwanza wametia nyama gani na wanakaangia mafuta gani. Anayetaka halali bila wasiwasi aende mtaa wa Itaewon, kuzunguka msikiti uliofunguliwa 1976.

Ukiendelea mashariki utalikuta jengo la Dongdaemun Design Plaza, lililofunguliwa 2014, kazi ya Zaha Hadid, msanifu majengo mwanamke mzaliwa wa Baghdad. Wapelekeni mabinti zenu walione.

Ghorofa refu la Lotte World Tower, mita 555, liweke usiku wa pili. Nunua kadi ya T-money kwa treni na mabasi, na pakua Naver Map, programu ya ramani ya simu, kabla hujaondoka Tanga.