Kuhusu droni iliyojishusha ziwani

Pole sana, ndugu yangu. Umesema uliirusha kutoka kwenye mashua pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria huko Kisumu, betri ikapungua, ukabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, nayo ikatua majini mita 30 hivi kutoka ulipokuwa.

Droni yako ilitii amri. Kwake, "nyumbani" ni mahali ilipopaa, palipohifadhiwa kwa GPS. Upepo uliisukuma mashua, nyumbani pakabaki palepale, katikati ya maji. Na usitegemee vihisi vya tumboni kuiokoa, kwani mawimbi yanayometameta juani huvichanganya.

Kinachoniuma ni hapo unaposema ulivuta chini kijiti cha rimoti ukidhani unaisaidia. Uliiharakisha kuzama! Kwa droni nyingi za kamera, ukikisukuma juu kushuka kunasita, na kukibonyeza tena kitufe kile hukatiza safari nzima ya kurudi. Fanyia mazoezi vidole vyako uwanjani, kwenye nyasi, mpaka vizoee.

Ukirudi ziwani, paa kutoka ufukweni. Ikibidi iwe mashuani, sogeza alama ya nyumbani kila mashua inaposogea, anza kurudi betri ikiwa asilimia 40, kisha ishushe mwenyewe kwa kijiti.